Niliyoyaona Kwenu Mbagala: Nauli Inafika, Mtoto Anabaki Kituoni

Hotuba ya mwalimu mstaafu kutoka Mbinga kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam

Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa, wajumbe, wazee wangu, akina mama, akina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristu. Walionizidi umri, shikamooni. Wadogo zangu na wanangu, marahaba.

Mwenyekiti aliponifuata nyumbani kwa mwanangu na kuniomba nizungumze leo, nilimwuliza kama anataka maneno ya shukrani au anataka niseme nilichokiona. Akanijibu, "Mwalimu, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tumeshazoea, vingine hatuvioni tena. Sema ulichokiona." Nikamwomba siku mbili za kufikiri, na leo nimekuja.

Natoka Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kule Umatengo kwenye kahawa. Kazi yangu maisha yote ilikuwa chaki na ubao katika shule za msingi, mpaka nilipostaafu. Nimekuja huku kumuuguza dada yangu, anayehudhuria kliniki Upanga. Kwa hiyo nimepanda sana magari ya Barabara ya Kilwa, alfajiri watu wanapokwenda kutafuta na jioni wanaporudi wamechoka. Sikupelekwa matembezini. Jiji hili nimelijulia barabarani, nikiwa na mgonjwa mkononi, na nadhani mtu mwenye mgonjwa huona upesi nani ana utu na nani hana.

Kinachomshtua kwanza mtu wa kwetu ni wingi wenu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674. Mkoa wetu wote wa Ruvuma, kuanzia mwambao wa Ziwa Nyasa mpaka Tunduru, ulikuwa na watu 1,848,794. Yaani wilaya yenu moja inakaribia robo tatu ya mkoa wetu mzima! Kijijini kwetu ukimpita mtu njiani bila kumsalimu, habari hiyo inafika nyumbani kabla yako. Hapa ukisema umsalimu kila unayempita, utatoka Rangi Tatu asubuhi na adhuhuri hujafika Zakhem.

Ndiyo maana huko mikoani tunaambiana kwamba mjini kila mtu na yake, ukianguka utarukwa. Watoto wetu wanapoondoka na basi la alfajiri kuja huku kutafuta maisha, tunawaonya: usimwamini mtu. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mwanangu. Leo ningemwambia vingine, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na daladala. Gari limejaa, waliosimama wamebanana mpaka mlangoni, konda hawezi kupenya. Mama aliyekaa siti ya nyuma kabisa anatoa noti ya elfu kumi. Anamgusa bega kijana aliye mbele yake, hamjui wala hawajasalimiana, anampa. Kijana anampa aliye mbele yake, yule anampa mwingine, na noti inakwenda mikononi mwa watu mpaka inamfikia konda. Gari linatembea, watu wanashuka, wengine wanapanda. Baada ya vituo viwili chenji inarudi kwa njia ileile, noti zimekunjwa na sarafu ziko katikati, na kila anayeipokea anasema tu, "Ya mama wa nyuma." Imepita mikononi mwa watu sita au saba, na ninaamini wengine wao asubuhi ile hawakuwa na hata nauli ya kurudia. Inamfikia mwenyewe haijapungua. Anaitia kwenye pochi bila hata kuihesabu.

Ndani ya gari hilohilo nimeona msichana aliyesimama akiambiwa na mzee aliyeketi, "Lete mkoba nikushikie," naye akautoa, mkoba wenye simu na pesa, akaendelea kutazama dirishani. Nimeona mama akimtoa mtoto wake mchanga mgongoni na kumpa mwanamke asiyemjua ampakate, kisa yeye amekosa pa kukaa. Jamani, kijijini kwetu mtoto mchanga hapewi hata jirani mpaka ukoo wa jirani ujulikane!

Pale Rangi Tatu yupo dada anayeuza chai na chapati kabla ya jua kutoka. Vijana wa ujenzi wanakuja, wanakunywa, wanaondoka bila kulipa. Jioni wakishapata posho wanarudi kulipa. Nilimwuliza daftari la madeni liko wapi, akagusa kichwa. Nikamwuliza majina yao, akasema wengi hayajui. Anawajua kwa sura, na kwa namna kila mmoja anavyopenda chai yake: huyu tangawizi nyingi, huyu sukari kidogo. Nikamwuliza kama hawamkimbii. Akasema wapo wanaokimbia, lakini wanaorudi ni wengi zaidi, na kwamba asingewakopesha asingekuwa na biashara.

Na Kariakoo je? Binti wa kaka yangu ana duka la viatu na vitenge Mbinga mjini. Hafungi duka kuja kununua mali. Anapiga simu, anatuma pesa kwa simu, na huku kijana ambaye amewahi kuonana naye mara chache tu anamchagulia mzigo, anaufunga kwenye kiroba, anaandika jina na namba yake kwa kalamu nene na kuupeleka kwenye basi. Siku ya pili mzigo uko Mbinga. Nilikwenda kukiona kichochoro anakokaa yule kijana. Kulikuwa na viroba mpaka juu ya kichwa changu, vimeandikwa Songea, Sumbawanga, Kigoma, Lubumbashi, Moroni. Soko lenyewe, lile alilolichora msanifu wetu Beda Amuli na kujengwa miaka ya mwanzo ya 1970, liliungua Julai 2021. Watu walipoteza mitaji, lakini biashara ya kupeana neno kwa simu iliendelea vichochoroni, maana haikuwa imejengwa kwa zege. Na jengo la ghorofa lilipoporomoka palepale Kariakoo Novemba 16, 2024, kabla mitambo haijafika walikuwepo wafanyabiashara na wapita njia wakifukua kifusi kwa nyundo na mikono mitupu kuwatafuta watu walionaswa chini.

Nyinyi wa Mbagala hamhitaji kupelekwa Kariakoo kuambiwa habari hizo. Wazee wa hapa wamenisimulia Aprili 29, 2009, mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi. Watu walikimbia bila kujua waendako, watoto wakapotezana na wazazi wao, na Msalaba Mwekundu wakawa na kazi ya kuwaunganisha. Bibi mmoja wa mtaa huu, yupo hapa leo ila hakutaka nimtaje, ameniambia kwamba siku ile alijikuta amewashika mikono watoto wawili wasio wake na akatembea nao mpaka alipopata mtu wa kumkabidhi. Nilipomwuliza kwa nini hakuwaacha, naye ana wa kwake anawatafuta, alinishangaa. "Mwalimu, ningewaachaje?"

Kwa hiyo msiwasikilize wanaosema jiji hili halina utu. Linao mwingi, na bila huo lisingekwenda hata siku moja. Askari hawatoshi kumsimamia kila aliyeshika chenji ya mwenzake. Watu milioni tano wasiojuana wanalala wamekula kwa sababu dereva wa fuso la viazi kutoka Njombe ameaminiwa, na wa mahindi kutoka kwetu Ruvuma ameaminiwa, na dalali wa Tandale, na mpagazi wa mkokoteni ambaye anatangulia na mzigo wako kwenye msongamano, nawe unamfuata kwa macho tu. Nimelisema hili kwanza, na nimelisema kirefu, kwa kuwa nitakalolisema sasa ni zito na sitaki mtu adhani nawadharau.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, watoto wa sare wameshajaa kituoni. Wengine ni wa darasa la tatu, la nne, begi limemzidi kimo. Gari linakuja, watu wazima wanalikimbilia, wengine wanaingilia dirishani. Watoto wanasogea mlangoni. Konda ananyoosha mkono, anaukaza kwenye fremu ya mlango, hivi, na kusema, "Wanafunzi wawili tu." Wawili wanapita chini ya mkono, gari linaondoka. Linakuja la pili: "Wanafunzi subirini linalokuja." La tatu halisimami hapo kabisa. Linakwenda kusimama mbele kidogo, watu wazima walikimbilie, kwa sababu dereva ameshaziona sare.

Nilimwona binti wa miaka kama tisa. Alikuwa ameinua sarafu yake ya shilingi mia mbili ili konda aione, kana kwamba tatizo ni konda kutojua kwamba anayo. Magari yakapita. Akawa anaihamisha ile sarafu mkono huu na mkono huu, anafuta kiganja kwenye sketi, anaiinua tena. Jua likatoka. Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma, maana mtoto asiyelia kwa jambo kama hilo ameshalizoea. Nilimwuliza wanaingia darasani saa ngapi. Akasema saa moja na nusu, na aliyechelewa anakaa nje mpaka kipindi cha pili. Nimefundisha maisha yangu yote. Kipindi cha kwanza huwa ni hisabati. Tunakiweka asubuhi kwa sababu ndipo akili ya mtoto imetulia. Basi fikirini mtoto anayekosa hisabati mara mbili kwa wiki, tangu darasa la tatu mpaka la saba, halafu tukae tushangae matokeo.

Ndipo niliposhindwa kuelewa. Ndani ya gari lile wamo walewale wanaofikisha chenji ya mama wa nyuma. Yumo mzee aliyeshika mkoba wa msichana. Mtoto anafungiwa mlango mbele ya macho yao na hakuna anayefungua kinywa. Mnaaminiana kwa pesa, kwa mizigo, kwa watoto wachanga. Mtoto akishavaa sare anakuwa wa nani?

Sikutaka kuja hapa kuwasema makonda bila kuwasikiliza, kwa hiyo nilizungumza nao. Kijana mmoja, deiwaka, yaani konda wa kibarua cha siku, alinieleza bila kuficha. "Mwalimu, tajiri mwenye gari anataka hesabu yake jioni, gari liwe limejaa au halikujaa. Mafuta juu yetu, trafiki juu yetu. Kinachobaki ndicho tunagawana mimi na suka, yaani dereva. Na pesa yenyewe iko asubuhi. Mwanafunzi analipa mia mbili, mtu mzima mia sita na kuendelea. Nikipakia wanafunzi kumi nimepoteza watu wazima karibu saba. Na mimi nina mtoto, mwalimu, anasubiri gari Gongo la Mboto."

Nilimpigia hesabu hiyo, nikaiona ni sahihi. Ningekuwa nasahihisha ningempa vema. Mwaka 1983, mabasi ya UDA, lile shirika la umma la usafiri wa jiji, yalipokuwa hayatoshi, Serikali iliwaruhusu watu binafsi kubeba abiria katika jiji hili, na magari yao ndiyo yamekuwa miguu ya watu tangu hapo. Nafuu ya mwanafunzi ni jambo jema, lakini tazameni nani anailipia. Haitoki hazina wala mfukoni mwa tajiri. Inatoka kwenye posho ya kijana asiye na mkataba wala mshahara, ambaye kesho anaweza asipewe gari. Huyo ndiye tumemtwika elimu ya watoto wa jiji zima, halafu tunamlaumu akiitua. Kwa hiyo faini peke yake haimalizi jambo hili. Mnamkamata kituo hiki, kituo kinachofuata ana hesabu ileile kichwani.

Simtetei mkono ule mlangoni. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, na masharti ya leseni ya gari hayampi ruhusa hiyo. Ninachosema ni kwamba kazi hii haiwezi kuwa ya konda peke yake.

Wazazi nanyi mnisikilize. Wapo watoto wanaopelekwa Kariakoo na Upanga wakati shule ya msingi iko karibu na nyumbani. Najua sababu, mmenieleza: madarasa ya huku yamefurika na mnatafuta mahali mwalimu anaweza kumwona mtoto. Siwalaumu. Lakini aliyeamua mtoto asafiri umbali ule na aamke saa kumi usiku ni mtu mzima, na kama ni lazima asafiri, basi asiachwe apambane na mlango wa gari peke yake. Na walimu wenzangu, mnaofundisha huko mjini, ninawaomba kama mkubwa wenu: msimtoe nje ya darasa mtoto aliyeachwa na magari matatu. Ameshaadhibiwa barabarani.

Sasa niwaambie nilichokiona Alhamisi moja, kwa maana ndicho kilichonipa moyo. Gari lilikuwa linataka kuondoka, mkono uko mlangoni. Mbele alikaa mama anayekwenda Feri kuchukua samaki, ndoo tupu iko miguuni. Akasema kwa sauti, "Konda, huyo mtoto wa nani?" Konda akasema gari limejaa. Mama akasema, "Mpandishe, nitampakata mimi." Akavuta ndoo, akamkalisha. Baba mmoja nyuma akasema, "Na yule wa pili aje huku." Mwingine akasema, "Leteni begi hilo." Nikahesabu watoto watano wakiingia kwenye gari ambalo dakika moja nyuma lilikuwa limejaa. Sikumwona konda akigomba. Nilimtazama usoni, alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na nilielewa kwa nini: sasa yeye na suka wangeweza kumwambia tajiri kwamba abiria wenyewe walisema.

Yule mama hakuwa na cheo. Alikuwa na siti tu, na alisema neno moja. Abiria mkisema, konda hana la kufanya, maana nyinyi ndio pesa yake. Mkinyamaza, ana hesabu ya tajiri peke yake ya kusikiliza.

Kwa hiyo sikuja kuomba Serikali ilete mabasi, ingawa ikileta tutapiga makofi. Njia ya mwendokasi imejengwa kwenye Barabara ya Kilwa mpaka huku, na natamani siku moja watoto wote wapande huko. Ila yule binti ana kipindi cha hisabati Jumatatu hii. Ninaomba mambo ya Jumatatu hii.

Ninaomba kila aliye hapa, akiwa ndani ya gari na mlango unazuiwa, aulize kama yule mama: huyo mtoto wa nani? Ninaomba Mwenyekiti uwaite viongozi wa madereva na makonda wa ruti hii mkae nao mezani, wala msiwaite kama watuhumiwa. Kubalianeni kila gari la asubuhi libebe wanafunzi wangapi, ili mzigo ugawanywe kwa magari yote na asipatikane mmoja anayejiona mjinga kwa kuwabeba. Na wenye magari, najua wawili mko hapa, mnaweza kupunguza hesabu kidogo kwa gari linalobeba watoto alfajiri. Jioni utakosa elfu chache. Ukikubali, mwambie Mwenyekiti leo, ili dereva wako ajue kabla ya Jumatatu.

Na ninaomba watu wazima kituoni. Kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, wawepo wawili kila siku, mzee mmoja na kijana mmoja, wawapange watoto mstari na kusimama nao mbele, mahali dereva na konda watakapowaona. Nimeshazungumza na dada wa chai, amekubali benchi lake litumike.

Mwenyekiti, umeniambia una kalamu na daftari. Kabla mkutano haujafungwa, naomba uandike majina ya zamu za wiki hii inayokuja, watu wawili wawili. Jumatano niache, ni kliniki ya dada. Jumatatu andika jina langu, na mnipe kijana mmoja wa kusimama naye.